Nta Juu ya Paa la Usevya

Nimesikia mmeajiriwa pale kwenye karakana yetu, njia ya kutoka Mpanda mjini kuja huku Magamba. Hongereni sana. Nimesikia pia mmepewa makoti meupe. Yatunzeni. Langu la kwanza lilikuwa jeupe kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne, halafu likapata doa la njano ambalo halikutoka mpaka nilipostaafu. Sasa linaning'inia nyuma ya mlango wangu, na nikilitazama naona ndicho cheti pekee nilichopewa.

Mama zenu wameniomba niwape mawili matatu, kwa kuwa mimi Felista niliianza kazi hiyo tangu jengo bado linanuka tumbaku. Nimekubali. Najua mna simu, na simu zinajua kila kitu. Simu itawaambia kwamba perovskaiti ni aina ya fuwele, kwamba utando wake ni mwembamba kuliko unywele, kwamba unapokea jua na kutoa umeme, na kwamba karibu utaiokoa dunia. Haitawaambia namna ya kujua kama leo ni siku ya kutandaza au ni siku ya kufagia karakana na kwenda nyumbani. Hilo mtalisikia kwangu.

Kazi yenyewe ni ya jikoni, hata kama huko chuoni hamkuambiwa hivyo. Unachukua chumvi ya risasi na chumvi nyingine nyepesi, unaziyeyusha kwenye dawa kali. Unapata maji ya njano, mazuri kuyatazama, kama juisi ya nanasi. Msiyanywe. Unayatandaza juu ya kioo kwa wembe mrefu unaotembea taratibu, nayo yanabaki yamelala pale yakimeremeta. Hapo ndipo kila kijana hujiona fundi na kutoa simu apige picha. Pigeni tu. Utando bado haupo, mnapiga picha ya kioo kilicholoa.

Utando unazaliwa wakati maji yale yanapokauka. Waliowahi kuona chumvi ya Uvinza ikitengenezwa watanielewa haraka. Ukiacha maji ya chumvi yakauke polepole yanaota punje kubwakubwa, kila moja imejitenga na mwenzake, na katikati kuna nafasi. Kwa mchuzi haina neno. Kwa seli ya sola kila nafasi ni tundu, na umeme ukiona tundu unapita humo humo badala ya kwenda kwenye waya. Ndiyo maana tunapuliza hewa kavu, ghafla na kwa nguvu, ili punje zizaliwe nyingi kwa mpigo mmoja na zibanane kama mahindi kwenye gunzi.

Ukipuliza mapema, maji yanakimbilia pembeni na unapata mabaka. Ukichelewa, sindano zimeshaota na utando unakuwa na ukungu wa kijivu. Katikati ya mapema na kuchelewa kuna muda mfupi ambapo mng'ao unatulia kidogo, kama jicho la mtu anayetaka kusinzia kanisani. Hapo puliza. Najua mtaniuliza ni sekunde ngapi. Vijana wote huuliza hivyo, kisha wanaandika namba niliyowatajia, kisha kesho yake hewa inabadilika na namba haifanyi kazi, wanasema Bibi Felista alitudanganya.

Baada ya kupuliza unaoka juu ya bamba la moto. Mbele ya macho yako njano inakuwa kahawia, kahawia inakuwa nyeusi, na nyeusi inang'aa mpaka unaona pua yako mwenyewe. Nimeliona jambo hilo miaka mingi na kila mara nilifurahi kama mara ya kwanza. Hapa sifanyi mzaha. Halafu ukiusahau utando motoni kwa sababu shemeji yako kapiga simu, unarudi unakuta umekuwa wa njano tena. Joto limeifukuza ile chumvi nyepesi, imebaki ya risasi peke yake. Ikaririni hiyo: mwanzo njano, ukikomaa mweusi, ukifa njano. Wengi wanaijua njano ya mwanzo. Ile ya mwisho huwa hawapendi kuizungumzia, hasa wageni wakiwepo.

Aliyenifundisha hayo ni Dkt. Rehema, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Ndiye aliyeileta kazi hii Mpanda. Wenzake huko duniani walikuwa wanatengeneza tando zao ndani ya masanduku yaliyojaa naitrojeni, mikono wameingiza kwenye glavu ndefu kama madaktari wa ng'ombe. Yeye alisema kiangazi cha Katavi ni sanduku kubwa la bure, hewa kavu imejaa tele, kwa nini tununue. Alikuwa na akili sana yule mama. Alisahau tu kwamba kiangazi kina mwisho. Masika ya kwanza tulitengeneza vioo vingi vya kijivu hivi kwamba fundi mmoja wa choo pale mtaani aliviomba avitie dirishani.

Mwenzangu kwenye wembe alikuwa Hezroni, wa Katumba, ambaye wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi na yeye akazaliwa kwenye tumbaku. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mchambuzi wa majani ghalani. Kipimo chetu cha unyevu kilipokufa, na mradi ukatuahidi kingine kwa maneno yale matamu ya miradi, Hezroni alileta jani la tumbaku lililokaushwa akalitundika ukutani. Akasema, "Mama, jani likivunjika ukilibana, hewa ni kavu, tandaza. Likilegea kama ngozi ya mkono, acha." Na kweli, lilisema vizuri kuliko kipimo. Dkt. Rehema alilipenda mno, akampiga picha Hezroni akiwa amesimama nalo kama bwana harusi.

Sasa subirini msianze kupiga makofi. Baada ya wiki chache tando zetu zikaanza kuwa na vitundu vidogovidogo kila mahali. Tukabadilisha dawa, tukabadilisha vioo, tukamlaumu aliyefagia, aliyefagia akatulaumu sisi. Mwisho Dkt. Rehema aliweka kioo chini ya hadubini, akageuka akalitazama jani. Kila tulipolibana kuuliza hali ya hewa, lilikuwa linapukutisha vumbi, na vumbi lilikuwa linakwenda kulala kwenye utando mbichi. Jani likahamishiwa barazani, na mpaka leo ukitaka kulihoji unatoka nje, unanawa mikono, ndipo unarudi. Kama wamelitoa mlirudishe, ila barazani.

Nimewatajia risasi mara mbili na sijaona mtu ameshtuka. Bwana Stanslaus naye hakuwa anashtuka. Huyo alikuwa mratibu wa mradi wetu, na kazi yake ilikuwa kuratibu, yaani kuvaa suti Mpanda mwezi wa kumi. Siku moja aliingia karakana, akatandaza karanga zake juu ya meza ya wembe, akawa anatafuna huku anatuuliza tunaendeleaje. Dkt. Rehema alizikusanya zile karanga zote kwa glavu, akazitia kwenye pipa la taka za sumu, na kumwambia atoe ile aliyonayo mdomoni. Mtu mzima na suti yake akaitema.

"Risasi haina ladha," alimwambia. "Haina harufu. Haikuumizi leo. Inaingia kwenye damu inakaa, na ikiingia kwa mtoto inakwenda kukaa kichwani. Ikishakaa huko hakuna dawa ya kukirudisha kichwa kama kilivyokuwa."

Bwana Stanslaus akacheka kidogo, akasema kwa hiyo paneli hizi ni hatari? Dkt. Rehema akamjibu kwamba hata betri ya gari ina risasi na yeye kaja na gari. Iliyofungwa vizuri haina shida. Ndani ya utando mweusi risasi imeshikwa, na utando umefungwa katikati ya vioo viwili, kingo zake zimezibwa kwa mpira maalumu. Shida inaanza kingo zikifunguka. Unyevu unaingia, chumvi nyepesi inatoka, pembeni panaanza kuwa njano, na ile njano ikikutana na maji, risasi inayafuata polepole mpaka yanakokwenda. Ndiyo maana nawaambia, mtu akiwaonyesha paneli msitazame weusi wa katikati. Weusi wa katikati ni wa kuonyeshea wageni. Tazameni kingo.

Basi ikafika siku mradi ukataka kuonekana. Mradi ukikaa bila kuonekana unaugua. Bwana Stanslaus alichagua zahanati moja kule Usevya, wodi ya wazazi, paneli zetu ziwekwe juu ya paa ziwashe taa za chumba cha kuzalishia. Wazo lilikuwa jema na sikulipinga. Nesi aliyekuwa pale, Domitila, alinieleza namna alivyokuwa akizalisha kabla ya hapo. Simu anaing'ata mdomoni ili tochi imulike. "Mtoto anatoka," aliniambia, "na mimi siwezi hata kumwambia mama yake sukuma." Niliposikia hivyo nilitandaza vioo vile kwa moyo wangu wote.

Vioo vikatoka vizuri, vyeusi kabisa. Kilichokosekana ni ule mpira wa kuzibia kingo. Ulikuwa umekwama bandarini, na Dkt. Rehema alikuwa Dar es Salaam anaufuatilia kutoka dirisha moja hadi jingine. Wageni walikuwa wameshaalikwa. Keki ilikuwa imeshaagizwa. Mnajua keki ikishaagizwa hakuna sayansi inayoweza kusimama mbele yake.

Hapo ndipo nta ilipoingia. Familia ya Hezroni wana mizinga huko Katumba, na nta ya nyuki sisi huku tunaitumia kwa kila kitu kinachovuja: chungu, ngoma, ndoo, hata mtumbwi. Hezroni alikuwa ameijaribu kwa udadisi wake kwenye kioo kimoja kidogo. Alizungushia nta kingo, akakitumbukiza kwenye beseni la maji, akakiacha. Kilitoka cheusi vilevile. Tulifurahi, nikampigia Dkt. Rehema, naye akafurahi, akasema, "Vizuri sana, endeleeni nayo mezani. Juu ya bati la Usevya mwezi wa kumi itakuwa mchuzi. Msithubutu."

Nilimfikishia Bwana Stanslaus neno hilo kama lilivyo.

"Mama Felista," akasema, "maji hayaingii?"

"Hayaingii sasa hivi. Joto likija..."

"Basi! Sherehe ni mwezi wa saba. Baridi tupu. Mpira ukija tutabadilisha baadaye."

Neno "baadaye" mlichunge sana makazini. Tukaziba kwa nta, Hezroni kanuna na mimi nimenuna. Sherehe ikafanyika, ngoma za Wapimbwe zikapigwa, keki ikakatwa, Bwana Stanslaus akasema paneli hizi ni mchanganyiko wa sayansi ya kisasa na hekima ya wahenga. Wahenga hawakuwepo kujitetea. Taa zikawaka. Akina mama wakapiga vigelegele, na nesi Domitila akafuta machozi kwa kofia yake, na mimi nikamsahau Dkt. Rehema kwa muda, maana taa zilikuwa nzuri.

Mpira ulipofika hatimaye, gari la mradi lilikuwa na vikao. Likawa na vikao mwezi wa nane. Likawa na vikao mwezi wa tisa. Nilikumbusha mpaka nikaonekana bibi msumbufu. Mwezi wa kumi, jua likiwa limekaa juu ya Katavi kama limelipwa posho, nesi Domitila akanipigia simu.

"Mama Felista, shikamoo. Paneli zenu zimepata wageni."

"Marahaba. Wageni gani?"

"Nyuki. Wanaripoti asubuhi, wanaondoka jioni, kama watumishi. Tena afadhali wao, wanafika kwa wakati."

Nikacheka. Nikamwambia anipigie picha. Alipoituma nikaacha kucheka. Nta ilikuwa imeyeyuka na kutiririka kwenye bati, nyuki wamekuja kuchukua mali yao waliyoibiwa, na kila paneli ilikuwa na mchirizi wa njano kuizunguka. Nikaenda kumwonyesha Bwana Stanslaus.

"Ndiyo nta hiyo," akasema. "Nta si ni ya njano?"

Alikuwa na haki ya kudhani hivyo, rangi zinafanana kweli. Lakini nta inakuwa juu ya kioo, na hii ilikuwa chini yake. Nta inatiririka kwenda chini, na hii ilikuwa inaingia ndani kuelekea katikati, kwa vighuba vidogovidogo, kama unyevu unavyopanda kwenye ukuta wa matofali mabichi.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Hiyo rangi nimeitazama kuliko nilivyomtazama marehemu mume wangu."

Akasema basi tuandike andiko la dharura, lijadiliwe kwenye kikao cha Jumatatu. Nikatoka nje nikatazama juu. Upande wa kusini kulikuwa na wingu la kwanza. Nikaenda barazani nikalibana jani la Hezroni. Halikuvunjika. Lilikuwa limelegea kama ngozi ya mkono.

Sasa naomba mnielewe, maana hapa ndipo kazi yetu yote ilipokuwa imesimama. Paa lile la wodi lilikuwa na gata, na gata lilikuwa linapeleka maji kwenye tanki, na tanki ndiko walikokuwa wanachota maji ya kunywa akina mama wanaongoja kujifungua na wale waliokwisha kujifungua. Kiangazi lilikuwa limekauka, kila mtu anaisubiri mvua ya kwanza. Na hata ungeling'oa bomba la tanki, mvua ya kwanza Usevya watu huweka ndoo chini ya paa kila mahali. Njano yote iliyokuwa imeota kwenye kingo zile ingeoshwa siku hiyo. Niliogopa. Nimefanya kazi na sumu miaka mingi, nimejikata na vioo, nimeungua, sijawahi kuogopa vile.

Dkt. Rehema alipoiona picha alisema neno moja kwenye simu: "Shusheni." Gari la mradi lilikuwa kwenye vikao. Hezroni akampata ndugu yake mwenye Kenta inayokwenda Usevya kupakia mpunga, tukapanda. Njia ile inakatisha hifadhini, mnaijua. Mbung'o walituuma mpaka tukazoea, na tulipofika katikati, tembo walikuwa wamesimama barabarani wakifanya kikao chao, na wao pia hawakuwa na haraka. Wingu lilikuwa linakua. Hezroni alikuwa anaomba kwa Kirundi, mimi nilikuwa natukana kwa Kikonongo, na kati yetu tembo wakaondoka.

Tulipofika, nesi Domitila alikuwa amesimama mlangoni. Ndoo zilikuwa zimeshapangwa chini ya paa, mstari mzima, na bibi mmoja aliyekuwa anamuuguza binti yake alikuwa anaziosha moja moja kwa furaha. Nikamwambia nesi tumekuja kushusha paneli.

"Kuja kunitolea taa?" akasema. "Nina mama ndani ameanza uchungu tangu asubuhi. Mama Felista, wewe mwanamke mwenzangu. Unataka nirudie kung'ata simu?"

Nikamweleza. Nilimweleza pale pale mlangoni, bila maneno ya karakana. Kwamba ile njano si nta, ni chumvi ya risasi. Kwamba mvua itaipeleka kwenye ndoo na tanki. Kwamba hakuna atakayeumwa tumbo, hakuna atakayekuja kulalamika, na ndiyo ubaya wake. "Itaingia kwa mama, itaingia kwa aliye tumboni," nikamwambia. "Baada ya miaka mwalimu atasema mtoto huyu hashiki darasani, na hakuna mtu atakayelikumbuka paa."

Akazitazama zile ndoo. "Na hili mlilijua mlipokuja na zile ngoma?"

"Tulijua risasi imo. Tulisema izibwe isitoke."

"Mkakata keki."

"Tukakata keki."

Akanitazama kwa namna ambayo bado inaniuma. Kisha akauliza swali la maana, "Na taa?"

Nikamwambia betri imejaa, leo atakuwa na taa kama kawaida. Kuanzia kesho jioni atakuwa na paneli yangu mwenyewe, ile iliyo juu ya nyumba yangu Magamba. Paneli ya kizamani, nzito kama mlango, haina perovskaiti wala hekima ya wahenga, inafanya kazi tu.

"Watu wa mradi huwa mnasema kesho," akasema.

"Mimi siyo mradi. Mimi ni Felista."

"Basi huyu abaki," akasema, akamwonyesha Hezroni. "Paneli ikija, namwachia."

Hezroni akasema, "Ego, mama, ndiyo, nitabaki," kwa sauti ya mtu asiyekuwa na namna. Akawasha mavi makavu ya ng'ombe kwenye kopo, akapanda na moshi wake, nyuki wakasogea wakinung'unika, akaanza kufungua. Mimi nilikuwa chini ya ngazi, napokea kila paneli na kuifunga kwenye nailoni. Radi ikapiga upande wa Kibaoni. Nikamwambia yule bibi aondoe ndoo zake. Akaniuliza aziondoe kwani mvua ni ya baba yangu? Tone la kwanza likaanguka kwenye bati, tang, na Hezroni alikuwa bado ana paneli juu. Sikubishana tena. Nikapita kwenye ule mstari nikizigeuza ndoo kichwa chini, moja baada ya nyingine, na bibi ananifuata nyuma akiniita mchawi, akisema hajawahi kuona mtu anaimwaga mvua ya Mungu. Nesi Domitila ndiye aliyemshika mkono. Kisha akaenda mwenyewe akaling'oa bomba la tanki kwa mikono yake miwili.

Paneli ya mwisho ilishuka Hezroni akiwa ameloa. Tukasimama sote barazani tukiyatazama maji mazuri ya mvua ya kwanza yakimwagika kwenye tope. Bibi alikuwa analia. Mimi pia.

Yule mama alijifungua jioni ile, mtoto wa kike, taa zinawaka. Mvua ikaosha paa siku baada ya siku, Dkt. Rehema akaja mwenyewe kupima maji kabla bomba halijarudishwa, na maji yalikuwa safi. Bwana Stanslaus aliposikia majibu alinijia akitabasamu. "Umeona, Mama Felista? Ulitutia hofu bure." Lishikeni hilo pia, ni sehemu ya kazi. Ukizuia moto, utaulizwa moshi uko wapi.

Baadaye vioo vipya vikaja, vimezibwa kwa mpira wenyewe, na nta ikarudi mezani. Hivyo vipya vimedumu vizuri, kingo zake nyeusi mpaka leo, na nyie mtatengeneza vizuri zaidi. Sijawaambia haya ili muichukie kazi. Naipenda mpaka kesho. Siku ya kuvizindua, Bwana Stanslaus alipofika na hotuba yake, nesi Domitila alinyanyua mkono kabla hajafungua karatasi. "Kabla ya yote, mzee. Vikifa, maji yake yanakwenda wapi?" Mratibu akairudisha karatasi mfukoni. Vioo vile vilisimikwa kwenye nguzo, mbali na paa, mbali na kisima, na watu wa Usevya sasa wanauliza swali hilo hilo hata kwa muuza mbolea.

Paneli yangu nilikwenda kuidai. Nesi akaniambia juu ya wodi hakipandi kitu kingine tena, ile inakaa. Hezroni aliachiwa, paneli haikuachiwa. Basi nyumba yangu hapa Magamba ina matundu ya misumari kwenye bati pale ilipokuwa, na kila nikipanga kuyaziba napata sababu ya kuahirisha. Mvua ikinyesha panavuja sebuleni. Naweka sufuria. Likijaa, nachemsha chai kwa maji hayo hayo, na leo mmekuja mmeinywa vikombe viwiliviwili, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza yametoka wapi.